Taulo Likianguka

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Wewe uliye jikoni, hebu punguza kelele za masufuria. Wewe uliye kwenye usukani, tazama mbele, lakini sikio nipe mimi. Leo tunamkumbuka mkausha magari. Ndiyo, umesikia vizuri. Hakuwa dereva wala fundi wa injini. Alikausha magari, na wateja wake walimwita Mzee Taulo.

Mzee Taulo alifariki juma lililopita, akiwa kazini, kwa kupigwa na umeme. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: amekufa kwa umeme wa mashine yake mwenyewe. Nasema mapema ili usikae ukisubiri mwisho mwema.

Banda lake liko nyuma ya kituo cha mafuta. Lina paa la bati, sakafu ya saruji iliyoinamia mferejini, na kamba ndefu ya kuanikia mataulo. Mwenzake aliosha, yeye akakausha. Wengi waliomfuata walikuwa na magari yaliyopakwa kinga juu ya rangi, ile kinga ngumu inayong'aa kama kioo. Watu hudhani gari likishapakwa hiyo, unaweza kulisugua hata kwa shati kuukuu. Mzee Taulo akisikia hivyo alikunja uso kama aliyeng'ata limau.

"Kinga ni ya jua na vinyesi vya ndege," alikuwa akisema. "Si ya mchanga. Chembe moja tu kwenye taulo, umeshalichora gari la mwenzio."

Kwa hiyo hakusugua. Alianzia juu ya paa akashuka chini. Alitandaza taulo nene, laini, juu ya boneti, akaliacha linywe maji, kisha akalivuta taratibu kwa ncha mbili. Mkewe anasema hata kitanda alikitandika hivyohivyo, na ole wako ukikikalia.

Kabla ya kuanza alivua saa. Alivua mkanda, maana chuma cha mkanda hukwaruza. Alivua na buti za mpira, kwa sababu alisema buti hurusha matone na mchanga. Alikausha peku. Peku, wasikilizaji, juu ya saruji iliyolowa. Shika hapo.

Na alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Taulo likianguka sakafuni, halirudi kwenye gari. Linakwenda kufuta matairi, basi. Mdogo wake, ambaye ni fundi umeme, aliwahi kupita pale kusalimia, akaokota taulo lililoanguka, akalikung'uta na kulirudisha kwenye mlango wa gari. Alinuniwa juma zima.

Sasa, kuna mahali taulo halifiki: kwenye mishikio ya milango, nyuma ya vioo vya pembeni, ndani ya rimu. Huko alitumia bloa, mashine ya kupuliza hewa. Waya wa bloa hiyo ulikuwa umechunika karibu na mpini. Aliuzungushia tepu nyeusi. Tepu ilipolegea, akazungusha nyingine juu yake.

Mdogo wake alimwambia, "Kaka, nipe hiyo mashine niitengeneze. Waya huo utakuja kukuua."

"Ukiichukua, leo nikaushe kwa kupuliza na mdomo?"

Wakacheka. Mimi sicheki. Nimekasirika, na sioni haya kusema.

Mkewe naye hakunyamaza. "Nilimwambia, baba watoto, taulo likigusa chini tu unalikataa. Waya umechunika, unaubembeleza. Kwani wewe una thamani ndogo kuliko boneti ya mtu? Akasema kesho atampa mdogo wake. Kesho yake ilikuwa haifiki, yule baba."

Siku ile lililetwa gari jeusi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mataulo yote kwenye kamba yalikuwa yamelowa, kavu lilikuwa limebaki moja. Alimaliza paa, akamaliza boneti. Alipofika ubavuni, taulo likanasa kwenye kioo cha pembeni, likamponyoka, likaanguka sakafuni.

Mwoshaji alikuwa amesimama hapohapo. Ananiambia alimsihi. "Mzee, likung'ute tu. Nani ataona?"

"Gari litaona."

Jua lilikuwa limetoka na kuanza kuingia bandani. Matone yakijikaukia yenyewe juu ya rangi nyeusi huacha madoa, na madoa hayo hayatoki kirahisi, kinga au si kinga. Mzee Taulo hakutaka madoa. Hakutaka na lile taulo. Akachukua bloa ili apulize sehemu yote ya gari iliyobaki, akiwa peku, mikono ikichuruzika maji.

Mwoshaji alikimbilia swichi kubwa, akaizima. Mzee Taulo alikuwa ameshaanguka. Hakuamka tena.

Baada ya maziko, mdogo wake alikwenda bandani akafunga waya mpya kwenye ile bloa. Nilimkuta hapo. "Nimetumia muda mfupi kuliko yeye alivyokuwa akikausha paa," alisema. "Na waya huu nilikuwa nao kwenye mkoba, kila nilipokuja kumsalimia."

Kwa mama watoto, kwa mdogo wa marehemu, kwa mwoshaji ambaye bado hajaweza kurudi kazini, poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa studioni. Na wewe unayenisikiliza, usiishie kusema masikini. Inuka. Nenda kautazame waya wa pasi yako, wa jiko lako, wa mashine inayokulisha. Kama waya umezungushiwa tepu, unajua la kufanya, na si kesho.

Nilipomuaga mjane, alinionyesha lile taulo lililoanguka. Hajalifua. Mwoshaji alikuwa amemletea pamoja na saa na mkanda. Aliniambia alikaa nalo dirishani, kwenye mwanga, akalipapasa lote, upande huu na upande huu.

"Mwoshaji anasema sakafu ilikuwa imetoka kusuuzwa," alisema. "Halikuwa na mchanga. Nimetafuta. Halikuwa na hata chembe moja."