Nyayo Tulizozifagia Uwanjani

Asifiwe Bwana, aliyenipa magoti mawili, na leo yote mawili yananiitikia!

Ndugu zangu, sikupanga kusimama leo. Lakini nimesikia kwamba Dama, binti wa dada yetu aliyeketi pale nyuma, ameumia goti akicheza netiboli, na sasa akina mama wa kanisa hili wanasema mabinti zao hawatakanyaga uwanja tena. Nikaona nisinyamaze. Yaliyompata Dama yalinipata mimi.

Nilisoma shule ya wasichana upande wa Kakuyuni, nikiwa mtoto wa maswali mengi. Mama alikuwa akisema nikifika mbinguni malaika watachoka kunijibu. Nilipenda netiboli kuliko chakula! Kisha ikaja balaa. Alianza Sidi, mfungaji wetu, ambaye mimi na yeye tulikuwa chanda na pete. Aliruka, akadaka mpira, akatua, goti likalia ko! Hakucheza tena. Akafuata mwenzetu mwingine. Halafu mimi. Goti lilivimba likawa kama dafu, na mama akanibeba mgongoni hadi nyumbani huku akilia.

Mnajua wenyewe watu walivyosema. Tumerogwa! Shule jirani tuliyoifunga imetuchukulia mchanga wa nyayo. Maana kwetu huaminika kwamba mtu akichota mchanga ulioukanyaga, amekushika mguu. Basi kila baada ya mchezo timu ilivunja matawi ya mwarobaini ikafagia uwanja mzima, usibaki unyayo hata wa kidole. Na sisi tuliookoka tulifagia pia, tena tukiimba mapambio! Tulimwomba Bwana atulinde, na ufagio tukaushika vilevile, Bwana asije akachelewa.

Nikawa mtu wa kukaa kando, mguu juu ya kiti, nikiwatazama wenzangu. Niliogopa, ndugu zangu, siwafichi. Niliogopa kwamba nimekwisha. Lakini swali moja likaniwasha zaidi ya hofu. Huyu mchawi mbona hana haja na viwiko? Tukikimbia moja kwa moja anatuacha, tukiruka kudaka mpira ndipo anatushika, kwa nini? Na siku tunazolima shambani yeye huwa amekwenda wapi? Nilimuuliza mama, akaniambia ninyamaze.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha na uwanja una unyevu. Mazoezi yalipokwisha, wenzangu wakashika matawi yao. Nikamwomba Mwalimu Rispa, mwalimu wetu wa michezo aliyetoka bara, awazuie kidogo. Wakaguna, lakini wakangoja. Nikachechemea hadi katikati ya uwanja, nikainama.

Kila mahali mtu alipotua na mpira palikuwa na unyayo mmoja tu, kisigino kimechimba chini kama jembe, na vidole vimesokota udongo kando. Nikatazama mwingine, na mwingine. Zote sawa! Ndipo nikaelewa. Kwenye netiboli ukidaka mpira huruhusiwi kutembea nao. Kwa hiyo tulikuwa tukijisimamisha ghafla kwa mguu mmoja uliokakamaa, na mwili bado uko safarini, tena unageuka kumtafuta wa kumpasia. Mguu unasema tumefika, mwili unasema twende, na goti liko katikati ya ugomvi huo. Kutua huko ndiko kulikokuwa kukituvunja, na kila siku alama zake tulikuwa tukizifagia kwa mikono yetu.

Mwalimu aliinama kando yangu akazitazama moja moja. Kisha akawageukia wenzangu.

"Leo msifagie," akasema.

Dawa yenyewe hata yeye hakuijua. Alikwenda kuuliza hospitalini Malindi kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akarudi na mambo ya kuchekesha. Tulisimama kwa mguu mmoja tukirushiana mpira. Tukazoea, akatuambia tufumbe macho. Tuliruka kutoka kwenye benchi na kutua taratibu kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, goti likitazama kule vidole vinakotazama, lisiangukie ndani. Wapita njia walidhani shule imepatwa na wazimu. Mimi nilipofumba macho mara ya kwanza nilianguka kama gunia, na pale pale chini nikajiuliza: kumbe mguu nao una namna yake ya kuona? Mguu ulioumia ulitetemeka kuliko mwenzake, ukiitafuta ardhi. Nikaufundisha nikipiga mswaki, nikiosha vyombo, hata nikisali! Polepole ukatulia.

Sisemi hakuna aliyeumia tena. Mmoja aliteguka kifundo cha mguu, na goti la Sidi halikurudi lilivyokuwa. Nasema ile hofu ilitutoka, na magoti yaliyokuwa yakianguka yakasimama.

Mtaalamu aliponiruhusu kucheza, tulikwenda Kilifi kwa mashindano. Mama alikuja. Hakuja kushangilia, ndugu zangu. Alikuja na leso ya pili, khanga ya kunibebea nikiumia. Mpira ukaja juu, nikaruka, nikasikia anaita jina la Yesu. Nikatua. Magoti yakakunjika, yakashika. Nikatoa pasi. Nilipotazama pembeni, mama alikuwa amejifunga ile leso kiunoni na anacheza kwa vigelegele peke yake.

Namshukuru Mungu, hakunikemea kwa kuuliza. Aliniponya kwa njia ya swali lenyewe! Nanyi msiogope kumtegemea huku mkitazama chini mjue mnakanyaga vipi.

Na wewe, Mama Dama, dada yangu. Mpeleke mtoto hospitali kwanza, apone vizuri. Wakimruhusu, mlete kwangu. Nitasimama naye kwa mguu mmoja, na wewe utasimama upande wake wa pili, akiyumba atushike.