Bi Mwanaima Kibwana na Mikeka ya Farasi wa Galu

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu, hata mama yangu: kazi anayoiacha Bi Mwanaima naitaka mimi. Kulitamka naona haya, kwa hiyo nalitua hapa kwanza, ndipo niandike nilichoagizwa.

Bi Mwanaima Kibwana anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kulitumikia zizi letu la farasi hapa Galu kwa miaka ishirini na saba. Meneja wetu, Bwana Katana, ameniomba mimi Zulekha, msichana wa mapokezi, niandike wasifu wake kwa lugha mbili kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Ule wa Kiingereza, wa wageni, niliumaliza kwa kikao kimoja. Huu wa Kiswahili umenitoa jasho, maana huu ndio atakaousoma mwenyewe.

Alizaliwa Msambweni, akaolewa Mkongani, na alipofiwa na mumewe akaja Galu kutafuta kazi. Aliajiriwa kufua matandiko ya farasi tu. Lakini vyumba vya farasi wakati huo vilinuka hadi barabarani, na wageni waliokuja kupanda farasi ufukweni walishuka garini wameziba pua. Bi Mwanaima akaulizwa kama anaweza kusaidia. Akasema anaweza.

Akafanya anachofanya mwanamke yeyote wa kwetu chumba kikinuka. Alipalia makaa, akatia udi kwenye chetezo, akaingia nacho kwa farasi jike aliyeitwa Zafarani. Zafarani alipiga chafya, akapiga na mlango teke, chetezo kikaruka na makaa yakatawanyika karibu na maranda ya mbao anayolalia. Mzee Kitsao, mtunza farasi wetu wa siku nyingi, alikuja mbio na ndoo ya maji akayazima. Kisha akasema, "Haya, bibi arusi keshafukizwa. Mahari tumpelekee nani?"

Siku ile Bi Mwanaima hakucheka. Siku hizi akisimuliwa hucheka kuliko msimulizi. "Chumba kilinuka udi na mkojo pamoja," husema, "kama arusi iliyofanyiwa chooni!"

Zafarani alikuwa pia na kikohozi kisichokwisha. Daktari wa wanyama alipoitwa, hakuanza na kifua. Alipiga magoti, akainua pembe ya mkeka wa mpira uliotandikwa sakafuni. Mikeka hii ni minene na mizito, huwekwa juu ya saruji ili miguu ya farasi isiumie, na kila mtu alikuwa akiiosha juu tu. Chini yake kulikuwa kweusi, kumelowa, kunateleza. Daktari alieleza kwamba mkojo ukikaa hutoa ile hewa inayochoma macho, na farasi huivuta usiku kucha. Bi Mwanaima alimsikiliza hadi mwisho, akajifunga leso yake kiunoni, akaanza kuinua mikeka. Wiki chache baadaye kikohozi cha Zafarani kilikuwa kimetulia, na tangu hapo hakuna mkeka uliokaa hapa bila kuinuliwa.

Utaratibu wake wote tunaujua kwa moyo. Kila asubuhi kinyesi na maranda yaliyolowa hutoka. Kila wiki mikeka huinuliwa, watu wawili kwa mmoja, ikaburutwa hadi juani. Husuguliwa kwa sabuni na ufagio mgumu wa chelewa, juu na chini, na husuuzwa kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi, kwa sababu maji ya kisima cha hapa yana chumvi na huacha mpira ukinata. Penye harufu sugu hupita siki iliyochanganywa na maji. Sakafu nayo huoshwa, ikikauka hunyunyiziwa chokaa kidogo, na mkeka haurudi mpaka upande wa chini ukauke kabisa. Masika, jua linapogoma, hutandika mikeka ya akiba ili ile iliyooshwa ipate muda wake. Jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, haingii kabisa. Kijana mmoja aliwahi kuimwaga palipokuwa na mkojo, akatoka anakohoa na machozi yanamtiririka, na Bi Mwanaima akamnawisha uso huku akimgombeza: "Unataka kumpofua nani, mwanangu, wewe au farasi?"

Halafu kuna mtihani wake. Kila anayeajiriwa hapa lazima apige magoti ndani ya chumba cha farasi na kunusa karibu na sakafu. Bwana Katana aliripoti kazini na suruali iliyopigwa pasi ikasimama. Akanusa akiwa wima, akasema pako safi. Bi Mwanaima akamwambia, "Shuka, baba. Farasi akilala pua yake iko hapa chini, haiko huko uliko wewe." Bwana Katana akashuka. Kisa hiki hutusimulia yeye mwenyewe, na hutuonyesha hata goti.

Kwenye stoo ya chakula cha farasi kuna msumari wenye kanga zake safi. Kabla ya adhuhuri huoga, hubadilisha, huswali, kisha hurudia leso za kazi. Nilimwuliza kama si usumbufu. "Usumbufu gani, Zulekha? Maji yapo, sabuni ipo." Jioni akipita kwenda nyumbani hunukia asmini, na wako majirani ambao hadi leo wanadhani anafanya kazi dukani.

Sasa nirudi kwenye lile langu. Nafasi yake bado haijapata mtu, na kuna mpango wa kuita watu wa nje wanaokuja na bomba la dawa yenye harufu ya maua. Walikuja wiki iliyopita kujaribu. Vyumba vilinukia vizuri, wageni wakasifu, na mikeka haikuguswa. Walipoondoka niliingia chumba cha mwisho, nikapiga magoti na sketi yangu ya ofisini. Macho yalinichoma. Chini ya maua mkojo ulikuwa palepale, na usiku ule farasi wetu alilala juu yake.

Mama yangu amewaambia Ukunda nzima kwamba binti yake yuko mapokezi, anaongea na Wazungu. Ataumia, najua. Lakini Bwana Katana, ukiwa unasoma hapa kabla ya kuchapisha, tafadhali usiifute aya hii: naomba niinue mikeka mimi pamoja na Mzee Kitsao. Kama ni mtihani, nilikwisha kuufanya, na niliyoyanusa nimeyaandika.

Bi Mwanaima, farasi wetu wanajilaza chini na kulala fofofo, na kwato zao ni nzima. Hayo ni matunda ya mikono yako, na sisi sote tunakushukuru. Nenda ukapumzike na wajukuu, Mola akupe afya, akuzidishie furaha, na magoti yako sasa yapumzike pia.

Tangu nianze kuandika, kila nilipomsikia mtu akija niliufunika ukurasa huu kwa kitabu cha wageni. Sasa kuna mabuti ya mpira yanakuja barazani, na mwendo ule naujua. Kitabu nimekisukuma pembeni, na karatasi nimeigeuza imwelekee anayeingia. Shikamoo, Bi Mwanaima. Kaa kwanza, kisha usome, na ile aya ya mkeka na sketi usiiruke.