Mlinzi wa Intaneti na Mke Aliyemwonea Wivu

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Komeo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji. Tangu utotoni hakupenda kitu kikae wazi. Mama yake alimkabidhi ufunguo wa kabati la sukari, na hata baba alipotaka kuongeza kijiko aliambiwa angoje zamu yake.

Alimaliza sekondari mwaka 1990 na kupata stashahada ya kompyuta mwaka 1994. Mwaka uliofuata aliajiriwa na chuo cha ualimu, akakitumikia mpaka mwisho. Intaneti ilipofika chuoni, watu walijazana kwenye sinema na kamari, na barua pepe za kazi zikaenda mwendo wa konokono. Marehemu akachukua kompyuta kuukuu, akaiwekea mfumo wa Linux, akaisimamisha mlangoni pa mtandao: ukuta-moto wa kuwazuia wasioruhusiwa, na proksi ya kuuliza kila ombi ni la nani na linakwenda wapi. Sinema zikafa saa za kazi.

"Hata mimi?" aliuliza mkuu wa chuo.

"Hata wewe, Mkuu. Sheria ni msumeno."

Tarehe 2 Desemba 2000 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati. Mjane mwenyewe hafichi kwamba alikuwa na wivu wa kupindukia. Alianza na ile kompyuta ya mlangoni, seva, akaiita mke mwenza, kwa kuwa ikikohoa kidogo tu mume alitoka mbio. Kisha mwaka 2014 akasikia kwamba chuo kizima kimefungiwa sinema isipokuwa kompyuta moja, ya katibu muhtasi, dada mwenye sauti laini. Siku hiyo chakula kiliungua.

"Kwa nini yeye?"

"Mama watoto, nimeangalia. Unakumbuka ulipokuwa unakuja na laptopu kuandika tasnifu yako? Seva iliipa namba ya kuitambua mtandaoni, nami nikairuhusu namba hiyo ipite kokote. Ulipoacha kuja, seva ikampa katibu namba ile ile. Ruhusa ilikuwa yako."

"Yangu! Hiyo danganya toto kamwambie mwingine."

Marehemu alisema ameshaifunga namba ile na kuihamishia ruhusa kwenye laptopu yake yenyewe, hata ikipewa namba gani. Mke hakutaka hata kuigusa. Miaka saba aliishi na kinyongo hicho, na katibu akimsalimia, aliitikia kwa kidevu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2019. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 17 Februari 2021, mkewe akiwa amemshika mkono.

Juzi mjane alikwenda chuoni na laptopu ile kutafuta picha ya kuweka kwenye ratiba hii ya mazishi. Ilikuwa saa nne asubuhi, na kompyuta zote zilikuwa zimefungiwa sinema, ya mkuu na ya katibu pia. Yake ikafungua kila alichobofya. Alilia pale pale ofisini, na aliyemletea kiti ni katibu.

"Alikuambia, shemeji," mdogo wa marehemu, aliyemsindikiza, alimwambia.

"Aliniambia. Kumbe mwanamke niliyemwonea wivu ni mimi mwenyewe."

Marehemu ameacha mama mzazi, watoto wawili, ndugu wanne, na mke. Mjane ameagiza tusome vizuri: ameacha mke mmoja, na wivu wake bado anao.

Ee Mungu, mpumzishe ndugu yetu kwa amani.