Kilomita Moja Ubavuni mwa Mkia

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, katika nusu saa hii tuliyowatengea waliotutangulia. Leo tunamkumbuka fundi cherehani. Tunamkumbuka mama wa watoto watatu. Wengi wenu mlimjua kwa jina lake la barabarani: Mkia. Alifariki dunia wiki tatu zilizopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Jina la Mkia halikuwa tusi. Lilikuwa cheo. Kila mwaka waendesha baiskeli kumi na tisa husafiri pamoja kwa siku kumi. Mbele hutangulia kiongozi wao, mwalimu wa hesabu. Nyuma kabisa, kwa miaka kumi na miwili, alikuwa yeye. Kazi ya mkia ni moja: asibaki mtu nyuma yake. Aliyepata pancha, alimzibia. Aliyeishiwa nguvu, alimngoja.

Mumewe ni mtunza stoo ya dawa hospitalini, na hakuwa mtu wa baiskeli kabisa. Kwa miaka kumi na mmoja alibaki nyumbani siku hizo kumi.

"Baba alikuwa anazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza funguo," anakumbuka binti yao mkubwa. "Ukimuuliza anatafuta nini, anakwambia hatafuti kitu."

Mwaka wa kumi na mbili mzee huyo akakata shauri. Akaazima baiskeli. Angejiunga nao siku moja tu, siku ya nne, kilomita themanini na mbili. Alijijua kuwa mzito, na kwa hiyo angekuwa wa mwisho. Huko mwisho ndiko alikokuwa mkewe! Akajipigia hesabu zake kimyakimya: siku nzima bega kwa bega na mama watoto, bila mteja wa kupimwa kiuno, bila simu ya kazini.

Lakini kuna jambo hakulijua. Mkia haendeshi ubavuni mwa mtu.

"Mama watoto, sogea basi tuongee!" aliita walipoanza safari.

"Nakusikia hapa hapa, baba. Tazama mbele, kuna shimo."

Akapunguza mwendo. Mkewe naye akapunguza, hatua kumi nyuma yake. Akasimama. Mkewe naye akasimama.

"Unajivuta makusudi."

"Nimechoka."

"Umechoka kilomita ya nane? Kanyaga huko!"

Walipopumzika kunywa chai, wenzao walimpokea kwa utani. "Shemeji, hiyo baiskeli au cherehani? Mbona unakanyaga na huendi?" Wote wakacheka. Naye akacheka, ingawa moyoni kilimchoma kitu. Mkewe hata chai hakuketi kuinywa. Alikuwa ameinama akikaza mnyororo wa baiskeli ya mtu.

Akamvuta kiongozi pembeni. "Mwalimu, mke wangu ananikwepa?"

Mwalimu akamweleza. Mwaka wake wa kwanza, Mkia aliendesha ubavuni mwa rafiki yake wakipiga soga. Mwenzao alitumbukia mtaroni, nao wakampita bila kumwona. Alipatikana baada ya saa mbili, mguu umevunjika. "Tangu siku ile hajaendesha sambamba na mtu, shemeji. Hata mimi hajanipa nafasi hiyo."

Mume hakuomba tena. Kuomba kungekuwa kumtaka avunje neno alilojiwekea mwenyewe. Kilomita ya sitini ilikuwa mlima mrefu, na nyuma yake ikaja sauti ile ile. "Badili gia. Pumua. Bado kidogo, baba." Alitamani kugeuka auone uso wake. Hakugeuka. Alituambia juzi, akiwa ameketi sebuleni kwake: "Nilikuwa naye mchana kutwa, na bado nilikuwa namkosa."

Jioni walifika katika shule walikopangiwa kulala. Mkia alisimama getini akahesabu watu. Akawahesabu mara ya pili. Wote wamo. Mume alikuwa ameketi kwenye ngazi, amevua kiatu kimoja, alipomwona mkewe akimjia na baiskeli mkononi.

"Vaa kiatu, baba watoto."

"Twende wapi tena? Miguu hii si yangu."

"Kilomita moja. Sasa barabarani sina wa kumwangalia ila wewe."

Wakatoka getini, wasikilizaji wapendwa, ubavu kwa ubavu. Nusu kilomita kwenda, nusu kilomita kurudi. Mchana kutwa mume alikuwa amekusanya maneno mazuri ya kumwambia, na yote yakamtoka kichwani. Waliongea habari za bomba la jikoni linalovuja. Waliongea habari za mapazia ya binti yao. Kiwiko chake kikawa kinagusana na cha mkewe kila barabara ilipopinda. Walipolifikia geti aliuliza, "Tena?"

Mkewe alicheka. "Mwakani. Mwakani nitamwachia mwingine umkia, unipate mchana kutwa."

Mwaka huo ulipofika, uliwakuta wodini.

Siku chache baada ya mazishi, mwalimu alifika nyumbani kumwomba mgane huyu achukue nafasi ya mkewe. Alikataa. "Mimi nitakuwa nageuka geuka, mwalimu. Nitampita mtu mtaroni." Hata hivyo, siku ya nne atakwenda nao. Atakuwa wa mwisho, kama siku ile. Na jioni, wote wakiisha kuingia, atatoka tena barabarani peke yake. Nusu kwenda, nusu kurudi. Ataendesha pembeni kabisa, aache nafasi ya baiskeli nyingine.

Kwako mzee wetu, kwa watoto wenu watatu, na kwa wasafiri wenzake wote, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe mama yetu mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja na atafakari nyumbani kwake. Yupo mtu unayeishi naye, na kazi imewanyima nafasi ya kukaa pamoja. Leo akimaliza, msogelee. Usihangaike kutafuta la kusema.