Gershom Kadenge Ngowa, Aliyeitazama Bei Ikija

Dada ya marehemu, Nyamvula Ngowa, hakutaka kuitoa habari hii. Alisema katika ukoo huu waliokalia madawati ni wengi, picha zao za kofia za chuo zimejaa ukutani, na yeye aliishia darasa la tatu, sasa mzigo huu atwikwe yeye kwa nini? Wakaandika wao. Walipomaliza kumsomea akauliza huyo mnayemzika ni nani, maana humo hamna mtu wa Mwakirunge. Basi jana usiku akaagiza kalamu. Yaliyo hapa ni yake, na anayetaka kuyasahihisha amfuate nyumbani.

Marehemu Gershom Kadenge Ngowa alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa hapa Mwakirunge, Kisauni, katika boma hili mlilokaa. Alikuwa mtoto wa nne na kitindamimba wa Mzee Ngowa Kadenge na Mama Dhahabu, ambao wote wametangulia. Nyamvula alikuwa na miaka kumi wakati huo, na ndiye aliyembeba mgongoni mama yao akiwa shambani. Alipoanza kutembea miguu yake ilikuwa imepinda kidogo, watu wakasema ni mgongo wa dada uliompinda. Neno hilo Nyamvula hakulikubali zamani, na leo halikubali.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1971. Nyumbani kulikuwa na kibatari kimoja, na Kadenge alikuwa na tabia ya kukitikisa kila jioni, akisikiliza, halafu atangaze kuwa mafuta yataisha Alhamisi. Alhamisi ikifika, mafuta yameisha, na mama yake anamfinya. Wa huku wanaelewa kwa nini. Kwetu mtu hasemi kwamba mvua haitanyesha. Akisema, na isinyeshe, basi ameifunga yeye. Mama Dhahabu hakuwa na ubaya, alitaka tu mwanawe asiwe na ulimi wa kuita shida. Kadenge akajifunza kusema kwa sauti ndogo, lakini kusema hakuacha. Mwaka 1978 aliingia shule ya upili ya Shimo la Tewa, pale Shanzu, na mwaka 1984 akaenda Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma hesabu na uchumi. Siku ya safari alilia sana hata zile nazi alizofungiwa akazisahau kituoni.

Mwaka 1988 aliajiriwa Nairobi katika idara ya serikali ya mambo ya nishati, akaitumikia mpaka mwaka 2021. Wengi hapa hawakujua kazi yake, kwa hivyo tuiseme. Alikuwa akikadiria miaka ishirini au thelathini mbele, kwamba nchi nzima itataka stima kiasi gani, mafuta kiasi gani, gesi na makaa kiasi gani, vitu hivyo vitatoka wapi na vitauzwa bei gani. Alitazama watoto wanaozaliwa, viwanda vinavyojengwa, maji yaliyomo mabwawani, meli zinazoshusha mafuta huku kwetu Changamwe na bei za huko yanakotoka. Kisha akatoa majibu matatu: la chini, la kati na la juu. Mengine hayakutimia, naye alikuwa wa kwanza kusema kwamba hapa nimekosea. Njeri, aliyefanya kazi chini yake na ambaye amesafiri kuja kutufariji, ametueleza kuwa wakubwa walichoka na majibu matatu. Kuna mwaka walimwambia atoe lile la juu peke yake, kwa kuwa ndilo tamu masikioni. Akakataa. "Anayetoa moja anajifanya Mungu," akawaambia, na baada ya hapo alikaa miaka mingi pasipo kupandishwa cheo.

Tarehe 12 Desemba 1992 alimuoa Selpher, mwalimu, binti ya Mzee Mwidani wa Ribe. Posa yenyewe bado inasimuliwa huko. Mzee Mwidani aliuliza kijana huyu atamtunzaje mtoto wa watu. Kadenge akajikohoza, akaeleza kwamba mambo yakiwa mabaya wataishi hivi, yakiwa ya wastani wataishi vile, na yakiwa mazuri itakuwa namna nyingine kabisa. Wazee wakatazamana. Mzee Mwidani akamwambia, "Bwana, mimi nimeuliza mara moja." Selpher alikuwa nyuma ya mlango, na kicheko kilichomtoka kikasikika barazani. Wazee wakasema basi, msichana ameshajibu. Mungu akawajalia watoto watatu. Selpher anasema waliishi lile la kati, na mara mojamoja walilionja la juu.

Sasa tufike penye uchungu. Krismasi ya mwaka 2016 Kadenge alikuja likizo, akaketi pale barabarani kwa jirani yetu Mwanamkasi, auzaye barafu na maji ya ukwaju. Vijana wakamuuliza habari za stima. Mwingine angesema Mungu ndiye ajuaye, akanywa ukwaju wake akaenda zake. Yeye akawaambia kwamba bei itapanda mwakani na mwaka utakaofuata, kwa hiyo wajipange. Ikapanda. Hapo mambo yakaharibika, kwa maana watu walihesabu kwa namna yetu. Mtu wa serikali ametoka Nairobi, amesema itapanda, imepanda, basi nani aliyeipandisha? Mwanamkasi, friji yake ikiwa ndiyo riziki yake, alikuwa wa kwanza kumwita Bwana Bei. Jina likashika. Likafika hadi sokoni Kongowea, wachukuzi wakawa wanalitumia kutaniana. Harusi za kijiji zikapita bila mtu kumwalika.

Aliporudi kuishi hapa baada ya kustaafu, watoto walimwita jina hilo njiani, naye akawaitikia. Nyamvula akamwambia awatolee fimbo. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Dada, mimi sijapandisha bei ya kitu chochote maisha yangu yote," akasema. "Naitazama ikija, nawaambia watu wasimame kando, basi." Akaongeza, "Ila nisingependa kuzikwa na jina hilo."

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2009, na kuanzia mwaka 2023 akawa mtu wa sindano. Dawa yake ilitaka baridi, na upande huu wa kijiji stima ilikuwa haikai. Watu wakapata la kusema, kwamba Bwana Bei mwenyewe analala gizani. Nyamvula hakumuuliza ndugu yake wala hakuomba shauri la mtu. Aliifunga ile dawa kwenye leso, akaenda nayo moja kwa moja kwa Mwanamkasi, ambaye nyumba yake iko kando ya barabara na stima yake haikatiki ovyo. Akaiweka mezani, akamwambia hii ni ya Kadenge. Mwanamkasi aliichukua. Kisha akafungua friji, akavihamisha vifuko vyake vya barafu, akaipa rafu nzima peke yake.

Tangu hapo Kadenge akawa anakwenda kila asubuhi kuchoma sindano yake pale. Mwanzo ilikuwa salamu tu. Baadaye akawekewa kiti, na baada ya kiti ikaja chai isiyo na sukari, ambayo Mwanamkasi alisema ni dhambi kuipika. Siku moja, wateja wakiwa wamejaa, mwanamke yule akamgeukia.

"Kadenge," akasema, na wote wakainua vichwa kwa kulisikia jina lile, "mwakani stima itashuka?"

"Nikwambie, au ninyamaze?"

"Niambie. Siku hizi nakujua."

Akampa yote matatu, taratibu, na vidole akionyesha. Mwanamkasi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Hilo la juu siliwezi, wallahi," akasema. "Lakini nimesikia." Kadenge alirudi nyumbani siku ile akamsimulia Nyamvula mara mbili.

Mwaka huu figo zilichoka. Daktari alipotaka kumweleza muda uliosalia, yeye aliyeikadiria nchi nzima alikataa kusikia. Selpher akamuuliza mbona. Akajibu kwamba hiyo anataka imjie tu. Alilazwa mwisho wa Oktoba katika hospitali moja mjini, na asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025 akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa kuuliza kama dada amekula. Alikuwa hajala. Selpher alimjibu kuwa amekula, akatulia.

Ameacha mjane, Mwalimu Selpher, watoto watatu, Dhahabu aliyepewa jina la nyanya yake, pamoja na Ngowa na Ruth; wajukuu wanne, dada yake Nyamvula, aliyebaki peke yake kati ya waliotoka tumbo la Mama Dhahabu, wapwa, mashemeji na marafiki wa kazini. Ameacha pia jirani yake Mwanamkasi, ambaye Nyamvula ameamuru aandikwe humu pamoja na jamaa, na waliopinga wamenyamazishwa.

Jana jioni vijana wakichimba kaburi, Nyamvula alikuwa jikoni akiwapikia. Akamsikia mmoja akisema ongezeni kina, huyu ni Bwana Bei, asije akatoka akapandisha mchanga. Wakacheka, na wengine wao ni wale Kadenge aliowafundisha hesabu kibarazani pake, bure. Nyamvula hakutoka nje. Aliwapakulia, wakala wakashiba, kisha ndipo akaagiza ile kalamu.

Mungu amlaze mtu huyu pema, ameshafanya kazi ya kutosha ya kutazama mbali.

Na sasa ni zamu yenu. Kila atakayeokota mchanga, kabla ya kuutupa, ataje kwa sauti: Gershom Kadenge Ngowa. Majina yote matatu. Nyamvula atasimama penye kichwa cha kaburi, na masikio yake ni mazima. Asiyeweza kuyatamka auache mchanga wetu chini arudi kwake. Chakula atafungiwa, akile njiani.