Mlango wa Kwake

Jambo la mwisho la kawaida alilolifanya Munyoki jioni ile ni kugonga mlango mara tatu kwa kifundo cha kidole na kusema, "Usafi wa chumba." Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Baadaye." Naye, kama alivyozoea kwa miaka mingi katika hoteli ya Diani, akasogea mlango wa pili, akagonga. Aliyefungua alikuwa jirani yake, kifua wazi, shati mkononi. Hapo ndipo Munyoki alipotambua kuwa yuko Ukunda, kwenye nyumba za kupanga anakoishi, na kwamba ule mlango wa kwanza ulikuwa wa kwake. Kwa kuona haya hakurudi. Akajiendea hadi benchi la Randu muuza kahawa, nyuma ya Kona ya Musa, ambako Munyoki huitwa Taulo kwa kazi yake ya hotelini, akaisimulia habari ile mwenyewe kabla jirani hajamtangulia.

— Ni mnyororo, akasema Thoya, fundi wa baiskeli. Mnyororo ukikauka grisi huruka meno. Huyu ameruka meno.

— Baiskeli haina mke, akasema Randu. Ni ile mashine ya baridi ya hotelini. Mara baridi, mara joto, mara baridi. Hata glasi hupasuka.

— Mimi sijapasuka, Mzee Randu. Nimechoka. Wageni wamerudi, lakini wenzetu walioachishwa kazi hawakurudishwa. Nina korido mbili. Kesho ni siku yangu ya mapumziko, na msimamizi anataka nikafanye ya tatu.

Akautoa ufunguo wa korido hiyo mfukoni, akauweka juu ya benchi.

— Utakwenda? akauliza Thoya.

— Nikikataa, atasema nimeshindwa.

Randu akamimina kahawa taratibu, kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

— Nisikilizeni. Mzungu hutoka kwao amechoka, sivyo? Akiondoka, anacheka. Ule uchovu ameuacha wapi?

— Kwenye mashuka, akasema Thoya.

— Na anayekung'uta mashuka ni nani?

Wote wawili wakamtazama Taulo kwa huruma.

— Basi na Everline je? akauliza Munyoki. Anakung'uta mashuka yale yale, korido mbili kama mimi. Akitoka kazini huimba mpaka getini.



— Everline ana kwaya, akasema Thoya. Uchovu anawapukutishia wenzake wa sauti ya tatu. Hujaona wanavyosinzia?

— Nawe ulikuwa na mzaha wako, bwana, akasema Randu. Ulikuwa ukikunja kitambaa changu cha birika kikawa tembo. Siku hizi ukikaa hapo tunakusogelea tusikie kama unapumua.

Munyoki akacheka kidogo. Kicheko kikaishia njiani.

Mwisho wa benchi alikaa mgeni, mkulima wa Mkongani aitwaye Chengo, akipoza kikombe chake. 

— Samahanini, wenyeji. Huyo mke wake alijua ni yeye?

Thoya akamtazama Randu. Randu akachungulia ndani ya birika.  Munyoki akauchukua ufunguo, akaondoka bila kumaliza kahawa.

Nyumbani alimkuta mkewe, Kavenya, akichambua mchele.

— Ulijua ni mimi niliyegonga?

— Nani mwingine angegonga vile? Nilikuwa naoga. Nikasema moyoni, mume wangu amerudi na mzaha wake. Nikatoka mbio nikucheke, nisikuone. Ulikwenda wapi?

 Munyoki aliketi karibu naye, akaanza kutoa vijiwe kwenye mchele.

Asubuhi yake alikwenda hadi kwenye geti la hoteli, akamkabidhi askari ule ufunguo.

— Mpe msimamizi. Mwambie leo napumzika, na korido zangu ni mbili.

Kisha akarudi nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa. Akanyoosha shati, akagonga mara tatu.

— Usafi wa chumba.



— Baadaye, akajibu Kavenya, na sauti yake ilikuwa imejaa kicheko.

Munyoki akaketi kizingitini, akangoja.