Sauti Iliyotoka Kwenye Spika ya Kanisa

Kitu cha kwanza Fuatino alichohisi ni magoti ya mama aliyempakata, yakitikisika kwa kicheko. Basi la kutoka Apia, mji mkuu wa Samoa, lilijaa, na kama kawaida wasichana walipakatwa na watu wazima wasiowajua.

"Katikati ya sala, baba," yule mama alimwambia fundi wa redio aliyekaa kando, "spika ikalia: A, E, I, O, U! Mzee Tavita wa kwaya, ambaye tableti yake ndiyo hupiga nyimbo kwenye spika, amejifungia ndani kwa aibu. Watu wanamcheka eti anajifunza kusoma uzeeni."

"Mmemwonea. Spika isiyo na waya hujiunga na tableti yoyote iliyoizoea. Ya mzee ikikatika kidogo, ya jirani inaidaka."

"Jirani gani? Fundi wa kubahatisha wewe!"

"Ifuteni kumbukumbu yote, muiunganishe upya na ya mzee peke yake."

"Mimi nasema ni Tavita tu."

Fuatino aliubana mkoba wake wenye tableti. Alhamisi, akifagia kanisa peke yake, aliiunganisha na ile spika ili asikie vizuri somo lake la herufi. Jumapili alibaki nyumbani, nyuma ya kanisa, akipika chakula cha mchana. Aliwasha tableti kwa somo, haikutoa sauti, naye akaongeza sauti mpaka mwisho.

Basi likasimama mbele ya kanisa. Fuatino akainuka mapajani mwa yule mama, macho chini.

"Ni mimi, mama," alisema. "Niliacha shule darasa la tatu. Sijui kusoma."